Darasa la koleji limejaa na mimi bado niko hai skuli, nifanyeje?

Barua nyingi za safari hii zinazungumzia jambo moja, vijana wetu walioko Marekani ambao wako hai skuli na huku wanachukua masomo ya koleji, wakifika kwenye kujisajili wanakuta darasa limejaa au linawakatalia. Nimechukua barua tano nizijibu vizuri, mana naona watoto wenye uwezo kabisa wanakata tamaa kwa sababu ya ujumbe mmoja mwekundu kwenye kompyuta, na mtu wa kuwaeleza hawana.

Shikamoo anti. Niko grade 11 California. Nimekubaliwa komyuniti koleji, fomu imesainiwa na ID ninayo. Siku yangu ya kujisajili ilipofika nikakuta seksheni (makundi ya darasa) zote za saikolojia zimejaa isipokuwa moja, na hiyo moja nikibonyeza inanikatalia inasema ina masharti. Wanafunzi wa koleji wenyewe walifunguliwa mapema kabla yetu. Kaunsela wangu anasema nichague kitu kingine tu. Ndo nimekosa?

Marahaba mwanangu. Hujakosa, ila usikae kusubiri mambo yajipe yenyewe.

Kwanza ujue kwanini mmewekwa mwisho. Koleji haijawachukia, ni sheria. Kifungu cha 76001 cha sheria ya elimu ya California kinaiambia komyuniti koleji iwaweke wanafunzi wa hai skuli nyuma kwenye foleni ya kujisajili ili wasichukue nafasi ya mwanafunzi wa koleji wa kawaida, wanaoachiwa ni baadhi tu kama wale wa shule za sekondari zilizounganishwa moja kwa moja na koleji. Kwa iyo hata ungeamka saa kumi alfajiri siku yako ilipofunguliwa, ungekuta wenzako washapita. Hilo halibadiliki, yanayobadilika ni yale unayofanya kuanzia hapo.

Sasa kwenye skrini yako umeona matatizo mawili tofauti na watu wengi wanayachanganya. Darasa lililojaa shida yake ni kiti, hamna pa kukaa. Darasa lenye masharti viti vinaweza kuwepo kibao, ila kompyuta imetafuta kitu kwenye faili lako haijakiona, au hiyo seksheni wametengewa watu wengine. La kwanza unaongea na profesa, la pili unaongea na idara au ofisi ya udahili, na ukimwandikia profesa kuhusu jambo la udahili atakujibu hawezi, na hapo ushapoteza siku tatu.

Tuanze na zile zilizojaa. Jiweke kwenye weitilisti, yaani orodha ya kusubiri kiti, leo hii, usiseme aah niko namba 9 sitafikiwa. Viti vinaachiwa kwa sababu nyingi ambazo huzioni ukiwa nyumbani: kuna wanaoondolewa kwa kutolipa ada, kuna wanaoondolewa matokeo ya muhula uliopita yakitoka mana wamefeli somo la kutangulia, kuna wanaobadilisha ratiba wiki ya mwisho, alafu siku ya kwanza ya darasa kuna wasiotokea kabisa na profesa ana haki ya kuwafuta. Koleji nyingine mfumo unakuingiza wenyewe kiti kikipatikana, nyingine inakutumia imeili na kukupa muda mfupi, mara nyingi masaa 24, ukilala jina linaruka kwa anayefuata. Na hiyo imeili inakwenda kwenye akaunti ya koleji sio Gmail yako, kwa iyo uifungue kila siku asubuhi na jioni, nasema hivi kwa uchungu mana barua za waliopoteza kiti namna hii ninazo nyingi mno.

Kitu kingine ambacho hakuna anayewaambia: weitilisti inaweza kukuruka hata kama zamu yako imefika. Kama hilo somo linagongana muda na lingine ulilojiandikisha, mfumo unakuruka. Ukiwa na holdi (kizuizi kilichowekwa na koleji) kwenye akaunti, unakuruka. Ukiwa umeshajiandikisha seksheni nyingine ya somo hilohilo, unakuruka. Na kama kuongeza somo kutakupitisha kwenye kikomo cha yuniti (vipimo vya uzito wa masomo), unakuruka pia, na kwenu California mwanafunzi wa hai skuli wa kawaida anaruhusiwa hadi yuniti 11 kwa muhula, wale walioko kwenye makubaliano maalum ya shule na koleji yaliyoletwa na sheria ya AB 288 ya mwaka 2015 wanaweza kufika 15. Pitia akaunti yako usafishe hayo yote kabla.

Alafu siku ya kwanza nenda darasani hata kama hujaandikishwa. Kama ni la mtandaoni mwandikie profesa siku mbili tatu kabla halijaanza. Maprofesa wengi huko wanapewa namba za ruhusa za kuwaongeza watu, kila namba ni ya mtu mmoja na ina tarehe ya kuisha, na wanazitoa siku hizo za mwanzo wakishaona nani hajaja. Wengi wanafuata weitilisti, ila mtu aliyekaa mbele yake darasani na aliyekwisha mwandikia kwa adabu anakumbukwa.

Imeili yenyewe iwe fupi. Jina lako kamili na namba ya mwanafunzi, jina la somo na namba ya seksheni, kwamba wewe ni mwanafunzi wa hai skuli uliyeidhinishwa na fomu ishapokelewa, uko namba ngapi kwenye weitilisti, kwanini ni seksheni hiyo na sio nyingine (mfano zote nyingine ni asubuhi na wewe uko shule mpaka saa tisa mchana), na kwamba utakuwepo siku ya kwanza. Muulize kama atakuwa anatoa namba za ruhusa. Usimsimulie ndoto zako za maisha, usimbembeleze, na usimtumie imeili tatu kwa siku moja. Iandike kwa Kiingereza chako mwenyewe, kikiwa cha kawaida hakuna neno.

Kama somo ni la maabara uwe na plani B toka mapema. Kemia au baiolojia idadi ya viti imefungwa na idadi ya meza za maabara na usalama, profesa hata akupende vipi hawezi kukuongeza mtu wa 25 kwenye meza 24. Saikolojia ya darasani kuna nafasi zaidi ya kuongea.

Na ile seksheni yenye masharti usiitupe. Inawezekana imetengwa kwa wanafunzi wa shule fulani, mana hiyohiyo AB 288 inaruhusu koleji kufundisha darasa ndani ya hai skuli muda wa masomo na kulifunga kwa wanafunzi wa shule hiyo tu, na kama sio shule yako basi hapo huingii. Au inawezekana ni ya programu maalum. Au labda mfumo haujasoma fomu yako. Piga simu ofisi inayoshughulikia wanafunzi wa hai skuli, wasomee ule ujumbe neno kwa neno, uliza ni sharti gani hasa.

Kuhusu kaunsela, ana pointi moja. Koleji nyingi fomu yenu inaorodhesha masomo uliyoidhinishwa, na kompyuta itakukatalia lolote lisilokuwepo hapo. Ukirudisha fomu mara nyingine usijaze somo moja, jaza matatu au manne unayoyataka kweli, mkuu wa shule na mzazi wasaini yote kwa mpigo. Na kama unafikiria kusubiri masomo ya kiangazi muone mkuu wa shule mapema sana, sheria ya jimbo inamwekea kikomo cha kuwapendekeza asilimia 5 tu ya wanafunzi wa kila grade kwa kiangazi, ukiacha madarasa ya aina fulani yaliyosamehewa, kwa iyo anayechelewa anaweza kukuta nafasi za shule yake zimeisha kabla hata koleji haijafungua.

Dada habari za kazi. Mimi ni mama niko Minnesota, binti yangu yuko kwenye PSEO, mpango wa jimbo wa kusoma koleji ukiwa bado hai skuli. Somo la uandishi alilotaka limejaa, nikapiga simu koleji niwaombe, wamekataa hata kunijibu kama binti yangu ni mwanafunzi wao. Nimelia. Mimi si ndo mzazi? Na je wanaweza kumtoa kwenye yale masomo mengine aliyoyapata ili wampe mwanafunzi mkubwa?

Pole sana dada yangu, naelewa ilivyouma, kwetu mzazi akienda shule anasikilizwa kabla ya mtoto. Lakini yule wa kwenye simu alikuwa anafuata sheria. Marekani ina sheria ya faragha ya wanafunzi toka 1974, inaitwa FERPA, na inasema mtu akishaanza kusoma koleji haki juu ya rekodi za hiyo koleji zinahamia kwake mwenyewe, hata kama ana miaka 16 na analala chumba cha pili nyumbani kwako. Rekodi za hai skuli bado unazo haki nazo mpaka afike 18. Koleji inaruhusiwa kumpa taarifa mzazi ambaye mtoto anamtegemea kwenye ritani ya kodi, ila inaruhusiwa tu, hailazimishwi, na karani wa kwenye simu hatajaribu.

Njia rahisi ni binti asaini fomu ya kukuruhusu, koleji zote zinayo. Lakini hata akisaini, maombi ya kiti yaandikwe na yeye. Hili nalisisitiza dada, maprofesa wakipata imeili ya mama wanajiuliza kama mtoto ataweza darasa la watu wazima, na wakipata ya mtoto mwenyewe wanaona mwanafunzi. Kaa naye mezani, msomee, msahihishe ukitaka, alafu abonyeze yeye.

Swali lako la pili lina jibu zuri. PSEO ni mpango wa siku nyingi, jimbo lenu lilianza mwaka 1985 kabla majimbo mengine hayajaiga, na sheria yake imeliweka jambo hili wazi: wakati wa kujisajili koleji itawapa kipaumbele wanafunzi wake kwanza, lakini mtoto wa PSEO akishaandikishwa kwenye somo hawaruhusiwi kumtoa ili kumpa mwanafunzi mwingine. Kwa iyo alichokipata ni chake. Huo uandishi aingie weitilisti, na aangalie kama koleji ina seksheni inayoanza katikati ya muhula, nyingi zinakuwa nazo na watu wanazisahau.

Habari dada. Niko Houston, tulihamia miaka mitatu iliyopita. Nataka kuchukua Kiingereza cha koleji, kila nikijaribu naambiwa sina somo la kutangulia. Kiingereza nimesoma hai skuli na nina A. Wanasema nini hawa?

Nzuri mdogo wangu. Ujumbe huo kwa Texas mara nyingi maana yake ni kwamba mfumo haujaona ushahidi kuwa uko tayari kwa masomo ya koleji. Jimbo lina utaratibu unaitwa Texas Success Initiative, watu wanauita TSI, na ile A yako ya hai skuli peke yake kompyuta haiihesabu. Inatafuta matokeo ya mtihani wa TSI, au ya mitihani ya kuingia chuo ya SAT au ACT yaliyofika kiwango, au msamaha wa aina nyingine unaokubalika.

Kabla hujaenda kufanya mtihani wowote uliza kama kuna matokeo ambayo tayari unayo lakini hayajawafikia. Hili linatokea kila muhula, mtoto amefanya SAT shuleni, alama ziko, hakuna aliyezituma koleji. Kama ni kweli huna, fanya mtihani wa TSI kwenye kituo cha koleji au shuleni kwenu, na usiende hivihivi bila kujiandaa, kuna maandalizi ya lazima kabla ya kuufanya na kuna sehemu ya kuandika insha ambayo kwa sisi tuliojifunza Kiingereza ukubwani inataka mazoezi.

Kama una masomo uliyosoma nchi nyingine, hayo kompyuta haitayaona peke yake. Peleka transkripti (rekodi rasmi ya matokeo) kwa mkono wako, ikiwa na tafsiri, na umuombe mtu wa idara aiangalie. Akiridhika anakufungulia kwenye mfumo, na baada ya kukufungulia bado unatakiwa uingie mwenyewe ujiandikishe, watu wengi wanadhani kufunguliwa ndo kuandikishwa, wanakaa wanasubiri mpaka kiti kinachukuliwa.

Na uulize kuhusu gharama palepale. Toka 2023 Texas ina programu inaitwa FAST ambayo inawalipia wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo masomo haya ya koleji, kwenye koleji zilizojiunga nayo. Pell Grant, msaada wa ada wa serikali kuu, haiwahusu walioko hai skuli, kwa iyo FAST ni muhimu kwenu.

Anti, mwanafunzi wa hai skuli anaweza kuingia masomo ya unesi au yale ya mwaka wa tatu chuo kikuu akiomba ruhusa?

Ya unesi wa kliniki hapana, yale ni ya kundi lililochaguliwa kwa maombi yake, viti vinahesabika kwa nafasi za hospitali na hakuna profesa atakayekuongeza. Lakini masomo yanayotangulia unesi yako wazi, anatomia, fiziolojia, mikrobaiolojia, takwimu, hayo ndo ya kupigania. Ya mwaka wa tatu inawezekana kama umemaliza yote ya chini yake, mfano vijana wa hesabu waliomaliza calculus yote, na hapo ombi linakwenda kwa mkuu wa idara ukiwa na transkripti na silabasi mkononi. Kama sababu ya masharti ni kwamba somo ni la wanaosomea fani hiyo tu, subiri, mara nyingine wiki ya mwisho kabla ya masomo kuanza idara zinaondoa hilo sharti na kufungulia wote, uliza tarehe.

Shikamoo. Niko Ohio kwenye College Credit Plus (CCP), mpango wa jimbo wa masomo ya koleji ukiwa hai skuli. Niling'ang'ania darasa la takwimu lililojaa, profesa akaniingiza wiki ya pili. Sasa nimeshindwa, mtihani wa kwanza nimepata 41. Naona aibu kumwambia mtu yeyote mana nilimsumbua sana. Niache?

Marahaba mwanangu. Aibu iweke pembeni, profesa anayefundisha takwimu kaona 41 nyingi. Hapa kinachohesabika ni tarehe, na kila siku unayokaa kimya inakula hizo tarehe.

Fungua kalenda ya koleji sasa hivi utafute siku mbili. Kuna siku ambayo ukiacha kabla yake somo linafutika kabisa kama halikuwepo, na kuna siku ya pili ya mbele zaidi ambayo ukiacha kabla yake unabaki na W (alama ya kuwa uliacha somo) kwenye transkripti. Baada ya hiyo unapata gredi yoyote utakayopata. Kwa mtu aliyeingia wiki ya pili ya kwanza inawezekana imeshapita, na hilo ndo tatizo la kuingia kwa kuchelewa, unaanza ukiwa nyuma kwa mihadhara na kazi za nyumbani na pia una siku chache za kubadilisha mawazo.

Gredi ya CCP inakwenda kwenye transkripti mbili, ya hai skuli na ya koleji, na ile ya koleji haifutiki, utaitaja ukiomba chuo chochote baadae. Ukipata F shule inaweza kuwadai wazazi wako gharama za somo, isipokuwa familia zilizosajiliwa kuwa na kipato kidogo. W moja haishushi wastani wako wa gredi, ila uliza kwanza kama shule inadai gharama kwa W pia. Lakini ukiacha masomo mawili muhula mmoja, au GPA (wastani wa gredi) yako ya koleji ikishuka chini ya 2.0, unawekwa kwenye uangalizi na idadi ya masomo inapunguzwa. Kwa iyo kama ushaacha lingine muhula huu, hili usiliache bila kuongea na kaunsela wa hai skuli kwanza, yeye ndo anajua hesabu za wilaya yenu.

Kesho nenda kwenye masaa ya ofisi ya profesa, umuulize swali moja: kwa alama nilizonazo, bado inawezekana hesabu ikafika C? Silabasi inaonyesha mtihani wa kwanza una asilimia ngapi. Kama ni 15 tu unaweza kupona, takwimu mada za mwanzo zikishaeleweka zinazofuata zinajengwa juu yake, na kituo cha tyuta cha koleji ni bure kwako kama kwa mwanafunzi mwingine yeyote, nenda mara mbili kwa wiki sio siku ya kabla ya mtihani. Kama mtihani ulikuwa na 30 na wa pili uko wiki ijayo na bado hujui standadi divieshen ni nini, acha kabla ya ile tarehe ya W, alafu lichukue tena muhula ujao ukiwa umejiandikisha toka siku ya kwanza. Kuacha ufanye kwa fomu, sio kwa kuacha kwenda darasani, mana asiyejaza fomu anaweza kuandikiwa F.

Na profesa umwandikie ukishaamua, umshukuru kwa kile kiti. Muhula ujao unaweza kuwa unamuandikia yeye tena.